Kahawa nzuri na meza ya kazi Nairobi: jibu kwa msomaji wa Roysambu

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mzaliwa wa Kisauni, Mombasa, na sasa naishi Roysambu, Nairobi. Naifanyia kampuni moja ya Uingereza kazi ya kuandika manukuu ya video na kunakili mahojiano. Nyumbani tuko watu wanne, intaneti tunagawana na jirani, na stima hupotea bila taarifa. Nimeanza kwenda mikahawani na laptopu yangu, na nina maswali matatu. Mkahawa unaofaa kufanyia kazi nitautambuaje kabla sijapoteza pesa? Kwa nini kahawa ya huku ni chachu hivi, mimi niliyelelewa na kahawa tungu? Na naweza kukaa muda gani bila kuonekana nawabania wenzangu nafasi? Kwa siku siwezi kuzidisha shilingi 700.

Jibu: Marahaba, dada yangu. Nitakujibu yote matatu, ila nitaanza na la kahawa, kwa sababu ndilo linalofungua mengine.

Kwanza nikuombe uache kutafuta mkahawa mmoja utakaokupa kahawa bora na meza bora ya kazi kwa pamoja. Nimesimama nyuma ya kaunta na kufundisha mabarista wa jiji hili kwa miaka mingi, na mikahawa yenye vyote viwili ni ya kuhesabu, nayo hujaa mapema. Sababu ni ya kibiashara. Mwenye mkahawa anayeijali kahawa hasa huweka pesa zake kwenye mashine, kwenye buni na kwenye mshahara wa anayezishika. Ukumbi wake huwa mdogo, viti vyake ni vya kukalia nusu saa, na mteja wake ni yule anayekunywa, anaongea mawili matatu na barista, kisha anakwenda zake. Mkahawa wenye ukumbi mpana, viti vya kuegemea, soketi ukutani na jenereta nje hulipa kodi kubwa ya pango, na kodi hiyo hutoka kwenye sahani za chakula, haitoki kwenye kikombe. Kahawa yake hukaangwa ipendwe na kila mtu na iweze kubeba maziwa mengi. Inanyweka vizuri, lakini haitakufundisha kitu kuhusu kahawa ya nchi hii.

Kwa hiyo kunywa kahawa pale inapotengenezwa vizuri, dakika ishirini zinatosha, kisha nenda ukafungue laptopu pale penye meza na stima. Ukishavitenganisha hivyo viwili, utaona sehemu za kufaa zinaongezeka.

Sasa huo uchachu. Kahawa tungu uliyokulia hukaangwa mpaka iwe nyeusi, huchemshwa kwa muda juu ya makaa, hutiwa tangawizi au iliki, na hunywewa kwa kikombe kidogo, kashata au haluwa ikiwa pembeni. Moto mwingi wa kukaangia huziua asidi za buni na kuleta uchungu, na utamu unaupata kwenye kashata. Mikahawa ya Nairobi inayojivunia kahawa yake inafuata njia nyingine kabisa. Buni zake ni arabika ya Nyeri, Kirinyaga, Murang'a, Kiambu au Embu, iliyolimwa kwenye mwinuko wa kati ya mita 1,400 na 2,000 hivi, ambako ubaridi huliivisha tunda polepole. Sehemu kubwa ya sifa ya kahawa hiyo inatokana na aina mbili za mibuni, SL28 na SL34, zilizochaguliwa na maabara ya kilimo ya Scott hapo Kabete katika miaka ya 1930. Asili ya SL28 ni mibuni iliyostahimili ukame ambayo afisa wa maabara hiyo aliiona Monduli, Tanganyika, mwaka 1931. Wanunuzi wa dunia nzima wanaitafuta kwa uchachu wake uliochangamka, wenye harufu ya matunda. Mkaangaji akiipa moto wa wastani, uchachu huo anautunza kwa makusudi, maana ndio unaolipiwa.

Lakini kuna uchachu mwingine, ambao ni kasoro ya utengenezaji, na nadhani huo ndio uliokuudhi. Maji ya moto yanapopita kwenye unga wa kahawa, asidi hutoka kwanza, utamu hufuata, uchungu huja mwisho. Barista akikatisha mapema, au akisaga unga mkubwa mno hivi kwamba maji yanapita mbio, unakunywa ile sehemu ya kwanza tu. Uchachu wa namna hiyo hubana taya, una chumvichumvi kidogo, na hukatika ghafla bila kuacha kitu mdomoni. Uchachu wa kahawa iliyotengenezwa sawasawa hufuatwa na utamu, na kikombe kinavyopoa ndivyo utamu huo unavyoonekana zaidi. Hicho ndicho kipimo chepesi ninachokupa: acha kikombe kipoe kidogo, kisha onja tena. Kahawa njema huzidi kupendeza inapopoa, na iliyoharibika haiwezi kujificha tena.

Kabla ya kuagiza, simama karibu na kaunta utazame vikombe viwili vya watu wengine vikitengenezwa. Angalia kama kahawa inasagwa kwa kila oda au kuna unga uliosagwa tangu asubuhi unaongoja. Angalia kama barista anapima. Kwa espreso maradufu, ile kahawa nzito inayokamuliwa na mashine, kipimo cha kawaida ni gramu 18 za unga zinazotoa karibu gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30. Huna haja ya mizani, hesabu tu kimoyomoyo tangu anapobonyeza kitufe. Ukiona kahawa inabubujika na kujaza kikombe kabla hujafika kumi na tano, ikiwa na rangi ya majimaji, ujue uchachu unakuja. Kisha tazama ule mrija wa mvuke unaochemshia maziwa. Barista aliyefundwa huufuta kwa kitambaa chenye unyevu mara tu anapoutoa kwenye jagi, na huufungulia mvuke kidogo kuusafisha ndani. Mrija wenye gamba la maziwa makavu ni habari mbaya kuhusu kila kitu kilichobaki humo ndani, jikoni pia. Maziwa yanayofaa hufikia nyuzijoto 60 hadi 65 hivi. Yakizidi sana hapo hupoteza utamu wake wa asili, na kapuchino yako inakuwa maziwa moto yenye rangi.

Soma pia mfuko wa buni kama wameuweka wazi. Tarehe ya kukaangwa ndiyo inayohesabika, na kati ya wiki moja na tano hivi tangu siku hiyo kahawa iko katika ubora wake. Herufi AA zisikutawale. AA, AB na PB ni madaraja ya ukubwa na umbo la buni, ambapo PB ni tunda lililobeba punje moja ya mviringo badala ya mbili, na AB kutoka kiwanda cha kumenya matunda ya kahawa kinachoyachambua vizuri inaweza kuishinda AA ya kiwanda cha ovyo. Jina la kiwanda au la chama cha ushirika likiandikwa kwenye mfuko, tuseme Othaya huko Nyeri, maana yake mkaangaji anajua kahawa yake imetoka wapi. Hilo mimi naliheshimu kuliko herufi yoyote.

Ukiwa umefika kwa barista, mwambie wazi kwamba hupendi uchachu mkali na umezoea kahawa nzito. Atakupa buni zilizokaangwa zaidi, au atakutengenezea kwa chujio la kukandamiza, au makiato yenye maziwa kidogo. Hakuna aibu yoyote katika hilo. Baadaye, ukipenda, jaribu kahawa ya kumiminwa kwenye karatasi ya chujio, bila maziwa, kutoka mfuko mzuri. Kwa kuanzia, Spring Valley Coffee ni watu wanaokaanga wenyewe na wanaojibu maswali, na hali ni hiyo hiyo kwa Connect Coffee kule Riverside. Sehemu hizo ziweke kwa ajili ya ulimi wako. Java House, iliyofungua tawi lake la kwanza Adams Arcade mwaka 1999 na kuwazoesha watu wengi wa jiji hili kununua kikombe cha kahawa na kukaa nacho, ina matawi mengi na kumbi zenye nafasi, kwa hiyo iweke kwenye hesabu ya meza.

Tuje kwenye kazi. Watu huniuliza majina, na mimi huwajibu kwa saa. Mkahawa ule ule wenye utulivu wa maktaba saa nne asubuhi huwa soko ifikapo saa saba mchana, na Jumamosi alasiri ni ukumbi wa sherehe za watoto. Wewe una jambo la ziada, kwamba siku yako inaongozwa na saa ya London. Tangu Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba tunawatangulia kwa saa mbili, kwa hiyo wakifungua kazi saa tatu asubuhi yao, kwetu ni saa tano. Miezi mingine tunawatangulia kwa saa tatu, na siku yako huanza saa sita mchana na kumalizika saa mbili usiku. Ukiingia mkahawani saa hiyo ya kuanza, unaingia pamoja na msongamano wa chakula cha mchana, unapewa kiti karibu na mlango wa jikoni, na mhudumu anakuhitaji uondoke kuliko anavyokuhitaji ukae.

Badala yake fanya hivi. Kunakili na kuandika manukuu ni kazi ambayo kwa kawaida haimhitaji mwenzako awe macho. Ingia saa mbili na nusu au saa tatu asubuhi, fanya saa tatu za kazi nzito, sehemu kubwa ikiwa London bado hawajafungua ofisi, kisha ondoka saa sita kabla ya watu wa chakula. Mchana rudi nyumbani ukafanye yale mepesi ya kujibu barua na kusahihisha. Kwa njia hiyo pia hutakuwa stendi na laptopu begani usiku, na foleni ya jioni ya Thika Road utakuwa umeiepuka. Kama siku fulani huna budi kutoka alasiri, saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu ndio wakati mwingine wa utulivu, kabla ya watu kutoka maofisini.

Kuhusu intaneti, karibu kila mtu hupima kitu kisichomhusu. Atafungua programu ya kupima kasi, aone kasi ya kupakua ni kubwa, aridhike. Wewe unatuma mafaili, kwa hiyo angalia kasi ya kupakia. Chukua mfano wa faili la video la gigabaiti 2. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde litachukua karibu dakika 53. Kwa megabiti 20 litachukua kama dakika 13. Mikahawa mingi hugawa kasi kwa kila mteja, na upande wa kupakia ndio unaobanwa zaidi. Pima ukiwa umekaa kwenye kiti utakachotumia, maana ukuta mmoja wa zege unaweza kukunyang'anya nusu ya mawimbi. Kama ruta inatoa majina mawili ya mtandao, lile la gigahetsi 5 ni la kasi ukiwa karibu, na la 2.4 hufika mbali lakini husongamana. Pima mara mbili, unapofika na saa moja baadaye. Kwa mkutano wa video, megabiti 3 au 4 kwa kila upande zinatosha. Kinachoharibu mazungumzo ni kusitasita, yaani ule muda wa ishara kwenda na kurudi kupandashuka kila sekunde, na programu ya kupima itakuonyesha hilo ukiirudia mara tatu mfululizo.

Uliza pia nenosiri linadumu muda gani. Kuna mikahawa inayochapisha namba ya siri kwenye risiti, nayo huisha baada ya saa moja au mbili. Hiyo ni lugha yao ya kukueleza muda wa oda moja, na ni vyema kuisikia. Muulize mhudumu jina kamili la mtandao, usibahatishe kati ya majina mawili yanayofanana, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuufungua mtandao wake na kuupa jina la mkahawa. Weka kifurushi cha data kwenye simu kama akiba ya kumalizia kazi. Lakini ujue mpaka wa akiba hiyo. Nyaya zinazotuunganisha na dunia zinatua kwenu Mombasa, TEAMS na SEACOM tangu 2009 na EASSy tangu 2010. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu baharini, intaneti ilizorota Afrika Mashariki yote, simu na mikahawa pamoja. Siku kama hiyo usihangaike kuhama meza. Mwandikie mwajiri wako mapema kwamba kazi itachelewa, na uendelee na yale uliyokwisha kuyapakua. Ndiyo maana nakushauri kila jioni upakue sauti na video za kesho yake. Mtu anayenakili akiwa na faili lake ndani ya laptopu hahitaji intaneti mpaka dakika ya kutuma.

Stima ina swali lake moja ambalo ni wachache wanaouliza. Wengi huuliza kama pana jenereta, na mikahawa ya kwenye mall karibu yote inayo. Wewe uliza kama ruta ina betri yake. Stima ikikatika, jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka. Taa zinarudi, mashine ya kahawa inarudi, lakini ruta isiyo na betri inazima na kuanza upya, nayo huweza kuchukua dakika mbili au tatu mpaka imshike tena mtoa huduma. Kama ulikuwa unazungumza na London, umeshapotea. Mhudumu anaweza asijue, meneja atajua. Tarehe 25 Agosti 2023, nchi karibu nzima ilipoingia gizani na hata uwanja wa ndege wa JKIA ukakosa taa, walioendelea na kazi ni wale waliokuwa na betri pamoja na jenereta. Na fika na laptopu iliyojaa chaji, usimpangie mwenye mkahawa kazi ya kuijaza.

Kiti: chagua chenye ukuta nyuma yako, mbali na kaunta, mlango na njia ya msalani. Mashine ya kusagia kahawa unaweza kuizoea, lakini mashine ya kusagia matunda na barafu huingia hata ndani ya hedifoni nzuri, na kwako wewe unayesikiliza kila neno hiyo ni hasara ya saa nzima. Makochi ya chini yaache kwa wanaoongea. Baada ya saa mbili yatakuumiza shingo na viganja. Meza za nje kando ya barabara usizitumie na laptopu, na ukienda msalani nenda nayo.

Kuna jambo hukuliuliza, na kwangu lina uzito kuliko kahawa yenyewe. Unanakili mahojiano. Ndani yake mna majina ya watu, maradhi yao, mishahara yao, pengine ugomvi wa ndoa zao. Watu hao walikubali kurekodiwa na mtu mmoja, hawakukubali kusomwa na jirani wa meza ya pili. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, Uingereza ina yake, na karibu hakika mkataba wako una kifungu cha usiri. Usome leo hii. Kama unakataza mitandao ya umma, basi mkahawani tumia data ya simu yako tu. Kama unaruhusu kwa masharti, washa VPN, yaani programu inayoficha data yako njiani, ambayo kampuni yenyewe imeikubali, zima kushiriki mafaili, na nunua ile karatasi ya kubandika kwenye kioo cha laptopu inayowazuia walio pembeni kusoma. Mahojiano mazito yafanyie nyumbani hata kama nyumba ina kelele. Video za matangazo na mafunzo, ambazo zitawekwa hadharani hata hivyo, ndizo kazi halali ya mkahawani. Na mikutano ya video kuhusu kazi za watu usiifanyie kwenye ukumbi wa watu wanaokula. Sauti yako husikika mbali kuliko unavyodhani, hasa ukiwa umeziba masikio kwa hedifoni.

Muda wa kukaa sasa. Kiti ndicho kinachouzwa, kahawa ni risiti yake. Ukumbi ukiwa na nafasi, oda moja kwa kila saa moja na nusu hadi mbili ni haki, na hakuna meneja mwenye akili atakayekukasirikia, kwa sababu ukumbi wenye watu huvuta watu. Ukumbi ukijaa na watu wakisimama mlangoni, kanuni hiyo inakufa. Agiza chakula au toa kiti. Mtu mmoja asikae kwenye meza ya wanne ilhali ya wawili ipo wazi. Usilete chakula chako, na maji ya chupa uliyotoka nayo nyumbani yabaki kwenye begi. Mhudumu akija mara ya pili kuuliza kama unahitaji kitu, kwa kawaida ametumwa. Agiza au uage kwa wema. Ukilipa kwa M-Pesa kwenye namba ya duka, pesa zote huenda kwa mwenye mkahawa, kwa hiyo kama unataka kumshukuru aliyekuhudumia, mpe mkononi. Hata shilingi 50 kila unapokuja humfanya akukumbuke, na yeye ndiye atakayekwambia ni kona gani ina mawimbi mazuri na ni siku gani kuna kundi limekodi ukumbi.

Ukichagua kikombe kisicho cha bei ya juu, shilingi 700 zinakupa kahawa moja, na kitu kimoja cha kutafuna au kinywaji cha pili, nauli bila kuhesabiwa. Oda ya pili si lazima iwe kahawa. Dawa ya limau, asali na tangawizi inafaa, na itakurudishia ladha ya tangawizi uliyoikosa. Hizo ni kama saa tatu za halali, ambazo ndizo zile za asubuhi nilizokupangia.

Kwa mahali, usivuke jiji. Kuanzia Roysambu una mall ya TRM (Thika Road Mall) mlangoni na ya Garden City mbele kidogo, zote zikiwa na mikahawa yenye kumbi, jenereta na ulinzi. Anza hapo kwa vipimo nilivyokupa. Westlands na Kilimani kuna chaguo pana zaidi, lakini foleni itakula kile unachokwenda kukitafuta. Siku unayoshuka tao, kumbuka maktaba. Maktaba ya Taifa kule Community na ile ya Goethe-Institut hapo Maendeleo House zina kimya ambacho hakuna mkahawa utakaokupa, kahawa utakunywa ukitoka. Na siku ya mkutano mzito na mwajiri, lipia siku moja kwenye ofisi za kushirikiana, kama zile za Nairobi Garage, zenye vyumba vidogo vya kupigia simu. Ghali kuliko kahawa, lakini ni siku moja kwa mwezi.

Mwisho nizungumze juu ya hizo 700 zako. Ukienda mikahawani siku 20 kwa mwezi, ni shilingi 14,000. Intaneti ya faiba ya nyumbani ya kawaida kwenye mitaa kama yenu haifiki nusu ya pesa hizo, na mkiigawana watu wanne, fungu lako halifiki hata sehemu moja ya nane. Ningekuwa wewe, ningekwenda mkahawani siku mbili kwa wiki, ambazo ni kama shilingi 5,600 kwa mwezi, na kinachobaki ningekiweka kwenye laini yetu wenyewe na betri ndogo ya ruta, zile zinazouzwa kwenye maduka ya vifaa vya kompyuta tao. Betri hiyo huiwezesha ruta kufanya kazi saa kadhaa stima ikiwa imekatika, na laptopu ina betri yake. Hakikisha tu volti za betri zinalingana na zilizoandikwa chini ya ruta yenu, kwa kawaida 9 au 12, kabla hujalipa. Kisha mwandikie mwajiri wako umwombe achangie gharama ya intaneti. Mwoneshe bei ya mwezi na hesabu ya saa unazopoteza sasa stima inapokatika, umweleze kwamba mahojiano yake ya siri yatakuwa yanashughulikiwa kwenye laini yako mwenyewe badala ya mtandao wa umma. Hoja hiyo ya usiri ndiyo ataisoma mara mbili, kwa hiyo itangulize.